Kutoka kiroba cha vipande hadi vazi: mwongozo kamili wa kushona kwa pamba iliyorejelezwa

Kila karakana ya ushonaji niliyowahi kuingia, iwe chumba kimoja cha uani au ukumbi wenye vyerehani ishirini, ina kiroba cha vipande karibu na mlango. Humo mna mabaki ya kwapa, shingo, ncha za mikono na ukingo wa kitenge wenye maandishi ya kiwanda. Kikijaa hufungwa kamba na kusubiri mkokoteni wa taka. Kwa sisi wa Dar es Salaam mwisho wake ni dampo la Pugu Kinyamwezi, au moto wa nyuma ya nyumba. Nilishona miaka mingi kabla sijamwaga kiroba kile sakafuni na kukipanga kipande kwa kipande. Niliyoyaona yaliniuma. Pamba safi, ambayo haijavaliwa hata siku moja, niliinunua kwa mita na nilikuwa naitupa kwa kiroba.

Mwongozo huu ni wa fundi au mwenye karakana ndogo anayetaka nguo zake zipunguze uharibifu wa mazingira kwa kutumia pamba iliyokwisha kutumika. Utaratibu wake wote umesimama juu ya jambo moja: kitambaa kibaki kitambaa kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Kukichana kirudi kuwa nyuzinyuzi ni hatua ya mwisho, na sababu yake inafaa ieleweke kabla hujashika mkasi.

Pamba inapochanwa

Unyuzi wa pamba mpya ya kawaida una urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi. Urefu huo ndio unaozifanya nyuzi zishikane zinaposokotwa. Urejelezaji wa mashine hufanya kazi kwa kuchana: kitambaa hukatwakatwa, kisha hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno makali hadi kifumuke na kuwa manyoya. Katika kuchanwa huko nyuzi nyingi hukatika na kuwa fupi, na uzi unaosokotwa kutoka kwazo huwa dhaifu na hutoa manyoya. Ndiyo maana viwanda huchanganya nyuzi hizo na pamba mpya, au na polista, yaani nyuzi za plastiki, ili uzi upate nguvu. Fulana inayouzwa kwa jina la pamba iliyorejelezwa mara nyingi ina asilimia 20 au 30 tu ya pamba hiyo.

Ipo pia njia ya kemikali, ambapo pamba kuukuu huyeyushwa ikawa rojo na rojo hilo likatengenezwa nyuzi mpya. Zinazotoka huko si pamba tena bali ni jamii ya viskosi, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa rojo, kwa kawaida la miti. Kampuni ya Renewcell ya Sweden ilifungua kiwanda kikubwa cha namna hiyo mjini Sundsvall mwaka 2022, ikafilisika Februari 2024, kisha ikapata mmiliki mpya na kuendelea kwa jina la Circulose. Teknolojia ni ya kweli, lakini karakana yako haiwezi kuisubiri.

Sasa maji. Utasikia kila mahali kwamba fulana moja ya pamba hunywa lita 2,700 za maji. Tumia takwimu hiyo kwa uangalifu, kwa sababu maji hayo hayatoki mahali pamoja. Pamba iliyomwagiliwa kwa mito ya Amu Darya na Syr Darya ya Asia ya Kati tangu miaka ya 1960 ndiyo iliyokausha Bahari ya Aral, na hilo ni janga lisilo na mjadala. Pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza hutegemea mvua, hivyo haikaushi mto kwa namna ile. Mzigo wake uko kwenye dawa za wadudu, kwenye ardhi, na katika safari yake. Sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa robota, ikasokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi ugenini, halafu ikaturudia kama majora. Utiaji rangi peke yake hula maji mengi na hutoa maji machafu.

Kwa hiyo faida inategemea ni hatua ngapi umeziruka. Ukitumia kipande kilichobaki mezani, umeruka shamba, usokotaji, ufumaji na rangi, vyote kwa pamoja. Ukinunua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizochanwa, umeruka shamba, na pengine rangi kama nyuzi zilipangwa kwa rangi zake kabla ya kuchanwa. Usokotaji na ufumaji hukuviruka. Vyote viwili vinasaidia, lakini havilingani.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni pamba

Usiamini macho. Vitenge vingi vinavyouzwa sokoni leo ni polista iliyochapwa vizuri, na vingine vimechanganywa. Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya beseni la maji, kisha ziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayosagika kwa vidole. Polista huyeyuka, hujikunja kukimbia moto, na huacha donge gumu jeusi. Ukipata majivu yenye chembe ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko. Jaribu uzi wa mtande (unaokwenda kwa urefu wa jora) na uzi wa mshindio (unaokatiza kwa upana) kila mmoja peke yake, kwa maana baadhi ya vitambaa vina pamba upande mmoja tu.

Kwa nguo ya mtumba angalia kwanza lebo ya ndani ubavuni. Jinzi inayovutika ina nyuzi za mpira hata kama lebo inasema pamba asilimia 98. Inafaa kwa kushonea, ila itenge. Nyuzi hizo za mpira husumbua mashine za kuchana, na nguo yako mpya ikichoka haitapata pa kwenda kwa urahisi.

Hatua ya 2: Panga kiroba

Mwaga vyote chini. Mpangilio wa kwanza ni ukubwa, nao una mafungu matatu: kipande kinachotosha sehemu nzima ya nguo, kama mfuko, kola au mkono wa mtoto, kipande cha kuungwa na wenzake, kuanzia upana wa kiganja, na chenga. Mpangilio wa pili ni uzito. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huunga kipande cha jinzi na cha poplini, pamba nyembamba ya mashati, kwa sababu rangi zinapendeza, na baada ya kufua mara tatu jinzi imeichana poplini mshononi. Vipande vinavyokaa ubavu kwa ubavu viwe na uzito unaokaribiana, na kitambaa cha jezi, yaani kile cha fulana kilichofumwa kwa vitanzi, kisichanganywe na kilichofumwa kwa mtande na mshindio. Rangi ije mwisho.

Hatua ya 3: Fua kabla ya kukata

Kila kitu kifuliwe, hata mabaki ya jora jipya. Pamba mpya hunywea mara ya kwanza inapofuliwa, ilhali shuka la mtumba lilishanywea zamani. Ukiviunga kabla ya kuvifua, mteja atafua mara moja na gauni litajikunja kama chapati.

Kwa mitumba tumia maji ya moto na sabuni, anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili. Jiki iache: hung'arisha, lakini pia huzila nyuzi, na hizi tayari zina umri. Kitambaa cha rangi kali kiloweke peke yake na kipande cheupe. Kikichuja, kirudie hadi maji yatoke safi, au kipange na rangi za giza wenzake.

Hatua ya 4: Punguza kiroba kabla hakijajaa

Inasikitisha kuona fundi anasifiwa kwa mikoba ya viraka wakati mezani anakata ovyo. Pamba iliyo rahisi kuliko zote kuokoa ni ile ambayo hukuiacha iwe kipande. Chora patani (vielelezo vya kukatia) zote za oda moja kabla ya kukata hata moja, zipange juu ya kitambaa, zigeuze geuze hadi mapengo yapungue, na mapengo yaliyobaki yapangie mifuko, mikanda na vifuniko vya vifungo papo hapo. Oda mbili za kitambaa kimoja zikatwe siku moja. Kuna mavazi yetu yaliyokwisha kulitatua jambo hili zamani: kanzu na dera hukatwa kwa mistari iliyonyooka, na kanga ni doti ya mistatili miwili tu, ambayo huvaliwa bila kuacha hata kipande.

Hatua ya 5: Kata vazi kutoka vazi

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Kwenye mitumba, mali kubwa ya fundi ni shuka. Ni pana, ni bapa, mara nyingi ni pamba tupu, na halina mishono ya kufumua. Shuka moja la kitanda kikubwa hutoa shati la mtu mzima na la mtoto. Baada ya shuka tafuta mashati makubwa ya kiume, mapazia ya pamba, vitambaa vya meza, na jinzi za miguu mipana. Fulana ni ngumu zaidi kwa sababu huvutika na hujikunja ukingoni, zianze ukishazoea.

Kila nguo iliyovaliwa ina sehemu zilizochoka, nazo ni zilezile siku zote: kwapa, kola, viwiko, magoti, makalio na mapaja ya ndani. Katika shati, nguvu imebaki mgongoni na sehemu ya chini. Katika jinzi imebaki nyuma ya miguu chini ya goti. Katika shuka imebaki kingoni, kwa kuwa katikati ndipo watu walipolala. Inua kitambaa mbele ya dirisha: palipochoka mwanga hupita zaidi. Kisha shika kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana na uvute kwa nguvu. Kikitoa sauti ya kuchanika, sehemu hiyo isiende kwenye vazi.

Fumua kwa kiwembe au kifumulio, usikate mishono kwa mkasi, maana unapoteza sentimita mbili kila upande. Vifungo, zipu na ndoana vitoe na uvihifadhi kwenye chupa. Piga pasi kipande kikiwa na unyevu hadi kinyooke, kisha tafuta mtande wake kabla ya kuweka patani. Kipande kilichokatwa kinyume cha uzi hugeuka mwilini, na mguu wa suruali huzunguka kama kamba.

Vipande vya kati vijengee kitambaa kwanza, ndipo ukate vazi. Unga vipande kwa mistari, mistari iungane iwe ubao mmoja, kisha weka patani juu yake. Mishono mingi isikutane mahali pamoja, na usiweke makutano yoyote kwapani wala kwenye msamba. Ninapendelea kuweka ubao wa viraka mahali pasipovutwa sana: bega, kifua cha juu, mifuko, pindo pana la chini la sketi. Mgongo na mikono viwe kipande kizima. Vazi hilo huvalika kazini bila mtu kuuliza kama ni la maonyesho, na nguo inayovaliwa ndiyo inayookoa kitu. Koti zuri la viraka linaloning'inia kabatini halijazuia mtu kununua jipya.

Hatua ya 6: Ukinunua kitambaa chenye pamba iliyorejelezwa

Huenda oda yako ni kubwa, tuseme fulana mia mbili za shule au taasisi, na mitumba haitoshi. Basi utanunua kitambaa. India, hasa eneo la Tiruppur, huzalisha jezi za namna hii kwa wingi, na wakala wa uagizaji anaweza kukuletea.

Neno la kwanza la kuangalia ni nyuzi zenyewe. Sehemu kubwa ya nyuzi zilizorejelezwa duniani ni polista inayotokana na chupa za plastiki. Katika pamba yote inayotumika, iliyorejelezwa ni kiasi cha asilimia 1 tu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kitambaa kimerejelezwa, muulize ni pamba au plastiki, ni asilimia ngapi, na iliyobaki ni nini. Kwangu mimi mchanganyiko wa asilimia 30 ya pamba iliyorejelezwa na 70 ya pamba mpya ni bora kuliko nusu kwa nusu na polista. Ule wa kwanza unaweza kurejelezwa tena kama pamba, wa pili ni vigumu sana kuutenganisha. Na mkulima wa pamba asione urejelezaji kama adui: nyuzi fupi hazisimami bila nyuzi zake ndefu.

Swali la pili ni chanzo. Yaweza kuwa mabaki ya kiwandani, ambayo ni safi, au nguo zilizovaliwa. Zote ni halali, ila mabaki ya kiwandani huwa na nyuzi zenye nguvu zaidi.

Swali la tatu ni cheti. Vya kuaminika vinavyotumika sana ni viwili, vyote vya shirika la Textile Exchange. Recycled Claim Standard hukubali bidhaa kuanzia asilimia 5 ya nyuzi zilizorejelezwa na hufuatilia kiasi hicho tu. Global Recycled Standard huanzia asilimia 20, inahitaji asilimia 50 kabla bidhaa haijabandikwa nembo kwa mteja wa mwisho, na huangalia pia kemikali, maji machafu na hali ya wafanyakazi. Usiridhike na picha ya cheti cha kiwanda. Cheti hicho kinasema kiwanda kina uwezo tu. Omba cheti cha muamala cha shehena yako, chenye kiasi na tarehe.

Kisha jaribu mwenyewe. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kipime kwenye mizani, na uzidishe mara 4: umepata gramu kwa mita ya mraba. Kwa fulana inayodumu natafuta gramu 180 au zaidi, kwani nyuzi fupi zikiwa kwenye kitambaa chepesi hutoboka upesi. Kwenye kipande kingine kikubwa kidogo chora mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika, fua, anika, pima tena. Ikitoka 48, kimenywea kwa asilimia 4, na patani yako iongezwe kwa kiasi hicho au kitambaa chote kifuliwe kwanza. Mwishowe sugua kitambaa kwa kitambaa mara mia kwa mkono. Vikitokea vijipira vya manyoya papo hapo, mteja ataviona ndani ya mwezi.

Hatua ya 7: Kushona

Pamba yenye nyuzi fupi au yenye umri haipendi kutobolewa sana. Weka urefu wa mshono milimita 2.5 hadi 3, maana mshono wa tundu za kukaribiana hugeuka mstari wa kuchania. Tumia sindano mpya: namba 70 au 80 kwa poplini na shuka, 90 hadi 100 kwa jinzi, na yenye ncha ya mviringo kwa jezi. Acha nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 badala ya moja. Mabegani na pembeni tumia mshono wa kukunjwa na kupigwa mara mbili kama wa jinzi. Mabega ya fulana yashonee utepe mwembamba wa pamba kwa ndani ili yasivutike.

Wapo wanaosisitiza uzi wa kushonea nao uwe pamba, ili vazi zima liwe aina moja. Kwa mavazi ya kazi mimi hutumia uzi wa polista bila kusita. Mshono ukikatika baada ya miezi miwili, vazi lote limepotea, na hakuna kilichookolewa.

Hatua ya 8: Lebo isiyodanganya

Andika kilichomo, kwa namba. Fulana ya gramu 200 yenye asilimia 30 ina gramu 60 za pamba iliyorejelezwa. Andika asilimia 30, wala usiandike tu kwamba imetengenezwa kwa pamba iliyorejelezwa. Vazi lililokatwa kutoka shuka la mtumba liandikwe hivyohivyo: limeshonwa kwa shuka la pamba lililotumika. Wateja wangu hawajawahi kuona aibu kwa hilo. Ongeza jinsi ya kufua: maji ya baridi, kuanika kivulini, pasi ya wastani. Vazi lililotunzwa likavaliwa miaka mitatu badala ya mmoja limefanya kazi kubwa kuliko asilimia yoyote iliyoandikwa kwenye lebo.

Hatua ya 9: Chenga

Zitakuwepo tu. Chenga za jezi na za vitambaa laini zikikatwa ndogo hujaza mito na makochi. Zichanganye na sufi, la sivyo mto huwa mzito kama jiwe. Vipande vya pamba visivyo na umbo viuze au vigawe kwa magereji, kwa kuwa pamba hunyonya mafuta vizuri kuliko polista. Mistari mirefu ya jezi husukwa ikawa mikeka ya mlangoni au vichwa vya mopa.

Manyoya na nyuzi za kufagia, kama umehakikisha ni pamba tupu isiyo na plastiki, huchanganyika na mboji na kuoza. Mimi huzitandaza chini ya migomba, juu yake majani makavu. Za polista ziweke kwenye kiroba chake peke yake, na mwisho wa mwezi zipime zote mbili kwenye mizani, uandike kwenye daftari la karakana: kilo za pamba zilizotoka, kilo zilizorudi mezani.